Mlo wa Paka Mwenye Ugonjwa wa Mkojo: Kutoka Kihenge cha Ihanja hadi Kopo la Kansas

Kwa muda mrefu chakula cha paka wa Ihanja hakikupikwa na mtu. Ihanja ni kata ya wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, katika nchi kame ya Wanyaturu. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na nafaka inayopatikana katika miezi hiyo michache ndiyo inayoilisha nyumba mwaka mzima. Uwele na mtama ndiyo mazao ya asili. Mahindi na alizeti yalikuja kushika nafasi baadaye. Nafaka ikikaa kihengeni miezi minane au tisa, panya huihamia, na alizeti huwapendeza panya kuliko hata mtama. Paka alikaribishwa nyumbani kwa sababu hiyo moja, na mshahara wake ulikuwa panya mwenyewe.

Kumnyima paka chakula hakukuwa ukatili machoni mwa watu. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanaamini kwamba paka akishiba hawindi. Kwa kweli paka aliyeshiba huwinda pia, kwa kuwa kuwinda kwake hakuongozwi na njaa peke yake. Hata hivyo imani hiyo, kwa njia isiyokusudiwa, ilimpa mnyama huyu mlo uliomfaa kuliko vyote alivyokuja kupewa na binadamu.

Siri ya mlo huo ni maji. Mwili wa panya, kama wa wanyama wengi, una maji kiasi cha theluthi mbili ya uzito wake. Paka wa kilo nne anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, na akila panya wadogo kumi hivi anakuwa amepata sehemu kubwa ya maji hayo pamoja na nyama, kabla hajagusa bakuli. Asili yake ndiyo iliyomzoesha hivyo. Paka wote wa nyumbani wametokana na kimburu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu, aliyeanza kukaa karibu na watu pale wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Kati walipoanza kuweka akiba ya nafaka. Huko Cyprus kulifukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita ambamo paka alizikwa pembeni ya mtu. Kimburu mwenyewe bado anatembea katika mbuga za Tanzania. Figo za ukoo huu zina uwezo mkubwa wa kubana mkojo ili maji yasipotee, na kiu yao ni ndogo. Anayekula nyama mbichi yenye damu hapungukiwi kitu kwa tabia hiyo. Anayekula chakula kikavu hupungukiwa, kwa sababu hanywi maji ya kutosha kufidia.

Dagaa ndio waliobadilisha mambo. Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, juu ya mchanga, miamba au nyavu. Kutoka Mwanza husafirishwa kwenda mikoa ya kati kwa viroba, na huko sokoni hupimwa kwa kopo au sado. Ni kitoweo cha bei nafuu kisichohitaji friji, ndiyo maana kimeenea hata vijiji vilivyo mbali kabisa na ziwa. Jioni mpishi huwachambua dagaa kwenye ungo: vichwa upande huu, miili upande ule. Vichwa humwagwa chini karibu na mafiga, na paka aliyekuwa amelala juu ya gunia huwa tayari amefika kabla ungo haujatua. Zamani panya ndiye aliyekuwa chakula. Sasa panya akawa nyongeza ya dagaa, hasa katika nyumba zilizoanza kutumia sumu ya panya, ambako kumwachia paka ategemee mawindo kulikuwa kumtia hatarini.

Dagaa mkavu amebakiwa na maji kidogo sana, kiasi cha moja ya kumi ya uzito wake. Huliwa pamoja na mifupa yake, na mifupa ndiyo ghala la kalsiamu, fosforasi na magnesiamu. Hivyo paka anayelishwa vichwa vya dagaa hupata madini mengi kwa maji kidogo. Upande wa pili wa sahani ni ugali. Paka ni mla nyama kamili. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, na taurini haipatikani katika mtama wala mahindi. Zaidi ya hayo, nafaka ikizidi katika mlo huufanya mkojo upungukiwe asidi, wakati nyama huuongezea. Jambo hili la asidi, kama itakavyoonekana, lilihitaji miongo kadhaa ya utafiti nje ya Afrika mpaka likaeleweka.

Ugonjwa wenyewe ni rahisi kupitwa na macho. Paka mwenye shida ya mkojo huchuchumaa mara nyingi, akatoa matone tu au asitoe kitu, akajilamba sehemu za chini, pengine akalia. Mkojo unaweza kuwa na damu. Lakini katika kijiji paka hana choo cha ndani. Huenda jalalani, kwenye majivu yaliyomwagwa nyuma ya nyumba, au kwenye udongo laini wa shamba, akafukia. Nani atakayeona damu kwenye majivu? Anayemwona akijikamua hudhani amefunga choo. Dume akifa, hufikiriwa amekula panya mwenye sumu, na wakati mwingine dhana hiyo huwa ya kweli.

Tiba ya mifugo nayo ilikuwa na kazi nyingine. Sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, na idara za mifugo za serikali za kikoloni, Wajerumani kisha Waingereza, zilijengwa juu ya hofu ya magonjwa ya namna hiyo. Mpwapwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, ikawa kituo kikuu cha utafiti wa mifugo. Vijijini bwana mifugo alijulikana kwa majosho, chanjo na ndigana kali. Unyaturu ni nchi ambayo ng'ombe ni mahari, ni mbolea na ni akiba ya mwaka wa njaa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi huko mwaka 1959 na 1960, aliandika kitabu kizima juu ya uchumi huo, kilichotoka mwaka 1970. Paka hana mnada. Hakuna aliyetarajia mtaalamu apande baiskeli kwenda kumtazama paka asiyekojoa, na si haki kuwalaumu wataalamu hao.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kitivo cha tiba ya mifugo kilianzishwa Morogoro mwaka 1976 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Sheria ya Veterinari ilipitishwa mwaka 2003, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Sheria hiyo ya pili humhesabu paka kuwa mnyama anayestahili kutunzwa bila mateso. Hata hivyo, kwa paka wengi wa vijijini siku pekee ya kukutana na mtaalamu ni ile ya chanjo ya kichaa cha mbwa, anapoletwa ndani ya kiroba kilichofungwa kamba, kichwa nje.

Wakati huohuo, mlo maalumu wa paka mwenye ugonjwa wa mkojo ulikuwa ukitengenezwa mbali sana na Singida. Mwaka 1925 daktari wa mifugo wa Uingereza, Hamilton Kirk, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya paka na humo akaeleza kuziba kwa mkojo. Ugonjwa ulikuwepo, ila haukuwa gumzo. Jambo lililoutoa mafichoni halikuwa dawa, bali udongo. Mwaka 1947, katika jimbo la Michigan, Edward Lowe alianza kuuza punje za udongo mkavu wa kunyonya mkojo wa paka ndani ya nyumba. Paka wa Marekani akaacha kutoka nje. Mwenye nyumba akawa anachota mkojo wa paka wake kila siku, akaona damu na akaona siku isiyo na mkojo kabisa. Kwa upande mwingine, paka huyo wa ndani alinenepa, akakosa mawindo, na akaanza kula punje kavu za viwandani, zilizoenea tangu miaka ya 1950 na ambazo maji yake hayafiki hata moja ya kumi ya uzito.

Wazo la kutibu kwa kopo lilianzia kwa mbwa. Daktari Mark Morris wa New Jersey alimtengenezea chakula mbwa aliyeitwa Buddy, kiongozi wa kipofu Morris Frank, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka. Alipunguza protini na chumvi, na mbwa akapata nafuu. Mwaka 1948 Morris aliingia mkataba na kampuni ya Hill ya Topeka, Kansas, ili chakula hicho kitiwe makoponi na kuuzwa kupitia madaktari. Vyakula vya paka vilifuata njia hiyohiyo.

Mwaka 1970 watafiti Osbaldiston na Taussig waliupa mkusanyiko wa dalili za mkojo wa paka jina moja la kitaalamu, na utafutaji wa mchawi ukaanza. Nchini Denmark, katika miaka ya 1970, Preben Willeberg alionyesha kwamba waliougua zaidi walikuwa madume waliohasiwa, wasiotembea, wanaokula chakula kikavu. Lakini wengi waliyakazia macho majivu, yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa, na makampuni yakaanza kujisifu kwa majivu machache. Baadaye lawama zikahamia kwenye magnesiamu, kwa kuwa mawe mengi yaliyotolewa kwenye vibofu yalikuwa ya struvaiti, fuwele ya magnesiamu, amonia na fosfeti. Katikati ya miaka ya 1980 ikabainika kwamba magnesiamu peke yake haitoshi kueleza. Magnesiamu ileile, ikiwa katika umbo linaloufanya mkojo uwe na asidi, haikuleta mawe. Katika umbo linaloondoa asidi, iliyaleta. Struvaiti huyeyuka kwenye mkojo wenye asidi ya kutosha. Hapo ndipo mlo maalumu ulipofanya kitu cha ajabu kweli: jiwe lililohitaji kisu liliweza kuyeyuka tumboni kwa wiki chache za chakula.

Ushindi huo ulikuwa na deni lake. Kufikia miaka ya 1990 kituo cha mawe ya mkojo cha Chuo Kikuu cha Minnesota, kilichofunguliwa mwaka 1981, kilikuwa kinapokea mawe ya kalsiamu oksaleti kwa wingi unaoongezeka. Jiwe hilo haliyeyuki kwa mlo wowote, na mkojo wenye asidi iliyopita kiasi ni mmoja wa washukiwa wa kulisababisha. Ilionekana pia kwamba paka wengi wenye umri mdogo na wa kati wanaokojoa damu hawana jiwe wala vijidudu. Kibofu chao huvimba bila chanzo kinachoonekana, na hofu na msongo huchangia. Kwa kundi hili utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na Markwell na wenzake ni wa kukumbukwa. Paka waliopewa chakula laini cha kopo waliugua tena kwa asilimia 11 katika mwaka mmoja. Waliopewa punje kavu za aina hiyohiyo ya mlo, asilimia 39. Tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili ilikuwa maji. Kopo lina maji robo tatu au zaidi, karibu sawa na panya.

Makopo hayo na punje za tiba huingizwa Tanzania kutoka nje na kuuzwa zaidi katika miji mikubwa, Dar es Salaam na Arusha, kwa bei ya wenye nacho. Kwa nyumba ya Ihanja kinachowezekana ni kanuni iliyo ndani ya kopo. Dagaa waoshwe mchanga, waondolewe vichwa, walowekwe au wachemshwe kwa maji mengi, na paka apewe pamoja na supu yake badala ya vichwa vikavu. Nyama, maini kidogo au utumbo wa kuku uliochemshwa ni bora kuliko ugali, na kuku Singida hawakosekani. Mchuzi wa watu usitumike: kitunguu, zao ambalo Singida inajivunia, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi au kimepikwa. Bakuli la maji safi liwepo kivulini mwaka mzima, hata pale ndoo inapotoka kisima cha mbali. Mlo huu hauyeyushi jiwe kwa uhakika kama ule uliopimwa maabara, na kwa dume ambaye amewahi kuziba si mbadala wa daktari.

Dume aliyeziba kabisa hatibiwi kwa chakula cha aina yoyote. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba, na mchanga kidogo wa fuwele hutosha kuufunga. Mkojo ukirudi nyuma, sumu na potasiamu hujaa katika damu, na moyo husimama, mara nyingi ndani ya siku mbili au tatu. Kumkamua tumbo ni hatari, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Anapaswa kufikishwa siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo mwenye mpira wa kuuzibua mrija, Ikungi au Singida mjini, na habari ya mlo ije baada ya mkojo kutoka.