Zaka

Mkulima Mkristo wa Kibirichia akitoa fungu la kumi la mauzo ya viazi, huliita zaka, kama Mwislamu anavyoiita nguzo ya dini yake. Katika zaka ya Kiislamu, wengi tunaijua ile asilimia 2.5 ya fedha. Shambani hesabu ni nyingine: nafaka iliyooteshwa na mvua hutolewa sehemu ya kumi, kiwango kile kile cha Biblia, iliyomwagiliwa kwa gharama, nusu yake tu. Naipenda sana sheria inayopima jasho la mkulima. Tunachosahau makanisani ni wapokeaji. Kurani inataja makundi 8, mafukara wakitangulia. Torati, kila mwaka wa tatu, iliwatengea Walawi, wageni, yatima na wajane.