Nani Alitupangia Kimombo?

Washikaji wengi wanaotaka kuandika wanajilaumu: "Kimombo hakipandi, kichwa changu kizito." Ni wachache wanaouliza masomo yale ya Kiingereza yalipangwa na nani, na kwa imani gani. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1957, enzi za ukoloni, kilianzishwa kituo maalum Nairobi cha kuandaa mpango wa kufundisha shule ya msingi kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Majaribio yalianza na watoto wa Kiasia, kisha mpango ukapelekwa kwa watoto wa Kiafrika pamoja na vitabu vya New Peak. Kwa wakati ule vilikuwa vitabu vya kisasa kweli: picha, vitendo, na kiongozi cha mwalimu kinachomwelekeza hatua kwa hatua. Madarasa ya mwanzo, yaliyosimamiwa kwa karibu, yalifanya vizuri. Mpango uliposambazwa harakaharaka, walimu waliofunzwa kuutumia hawakutosha. Vitabu vilifika, usimamizi ule haukufika.

Januari 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola wakakutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka mingi baadaye, mwaka 1992, msomi Robert Phillipson alichambua imani tano zilizopata nguvu pale: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kianze mapema iwezekanavyo, kikizidi kufundishwa ndipo matokeo yanazidi kuwa mazuri, na lugha nyingine zikitumika sana, Kiingereza kitashuka. Phillipson aliziita zote tano potofu.

Zisome tena, ndugu msomaji. Hakuna hata moja inayouliza mtoto anakuja shuleni na nini. Mtoto anayejua kusimulia, kutania na kutega vitendawili anahesabiwa debe tupu.

Juni 1962, Makerere hapohapo, wakakutana waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ alikuwapo, bado mwanafunzi. Kwa sharti lile la lugha, Shaaban Robert na vitabu vyake vyote hakuwa na pa kuingilia. Alifariki mwezi huohuo.

Tanzania ilijaribu njia yake. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ikapendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari kuanzia 1985. Haikuwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wakakuta wengi hawakimudu kiasi cha kusomea masomo mengine. Hata hivyo wakashauri kibaki. Mwaka 1987 ukaja mradi uliogharamiwa na Uingereza, ukileta mashuleni vitabu vya hadithi za Kiingereza chepesi, vilivyopangwa kwa ngazi. Wazo la kusoma kwa wingi lilikuwa zuri, maana lugha huingia kwa kusoma. Lakini Kiswahili kiliendelea kubaki nje ya mlango, yaani ile lugha ambayo mwanafunzi angeitumia kuuliza asichoelewa.

Kukitaka Kiingereza si dhambi. Wazazi wanakitaka, nasi tunakitaka. Ila somo lililopangwa vizuri lingeanza na anachojua mwanafunzi: mwalimu aeleze kanuni kwa Kiswahili, alinganishe lugha mbili, kisha darasa lifanye mazoezi ya Kiingereza mpaka kiingie. Na hadithi za kusoma ziwe na watu wa Kariakoo na Gikomba, wanaogombania daladala na matatu, kwa maneno mepesi ambayo kidato cha kwanza atayamudu.

Hadithi hizo zinahitaji waandishi. Kuandika kwa maneno machache bila kumfanya msomaji mtoto mdogo ni kazi ngumu. Nani miongoni mwetu ataijaribu?