Teke la Maksimir na Bao la Belgrade

Vita vilivyoisambaratisha Yugoslavia, tunaambiwa kila filamu ya historia ya soka inapoonyeshwa, vilianzia kwenye mguu wa Zvonimir Boban. Ni hadithi tamu. Ina kijana, ina polisi mwenye rungu, na juu ya yote ina picha ya video. Lakini ukiifikisha kwenye orodha ya matokeo ya mechi za kufuzu Kombe la Ulaya la 1992, inaanza kuchechemea.

Kwanza tukio lenyewe. Jumapili, 13 Mei 1990, Dinamo Zagreb wanawakaribisha Crvena Zvezda ya Belgrade kwenye uwanja wa Maksimir. Zvezda wameshajihakikishia ubingwa, hivyo kisoka mechi haina uzito. Uzito uko mitaani: wiki moja tu imepita tangu Wakroatia wamalize kupiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi, na chama cha Franjo Tuđman kimeibuka kidedea. Mashabiki wa Zvezda, Delije, wamekuja na kiongozi wao Željko Ražnatović, maarufu kama Arkan. Wanang'oa viti na kuwarushia wenyeji, polisi wanatazama. Bad Blue Boys wa Dinamo wanapobomoa uzio na kumwagika uwanjani, ndipo marungu yanapoanza kufanya kazi. Wachezaji wa Zvezda wamekwisha kukimbilia vyumbani, ila baadhi ya wale wa Dinamo wamebaki. Boban, kiungo wa miaka 21, anaona shabiki akipigwa na polisi. Anakimbia, anaruka, anamtandika yule polisi teke. Mashabiki wanamzunguka kumkinga. Mechi haikuchezwa.

Wasimulizi wengi humfanya polisi yule kuwa Mserbia. Hakuwa. Alikuwa Mwislamu wa Bosnia, na baadaye alitamka hadharani kwamba amemsamehe Boban. Hadithi ilihitaji Mkroatia na Mserbia tu, kwa hiyo yeye akabadilishwa kabila.

Nje ya Maksimir kuna mnara wa kumbukumbu wenye maandishi yanayosema kwamba kwa mashabiki wa klabu hiyo vita vilianza siku ile. Sina ugomvi na mnara. Wapo mashabiki waliotoka majukwaani wakaenda mstari wa mbele na hawakurudi, na wenzao wana haki ya kuhesabu siku zao kuanzia wanapotaka. Ugomvi wangu ni na waandishi wa mbali waliouchukua msiba huo wakaugeuza chanzo cha vita. Magogo yaliyofunga barabara za Knin Agosti 1990, na polisi 12 wa Kroatia waliouawa Borovo Selo tarehe 2 Mei 1991, yalihitaji teke la nani?

Sasa ile orodha. Kwamba Boban alifungiwa akalikosa Kombe la Dunia la Italia, kila mtu anajua. Kisichosimuliwa ni kwamba tarehe 16 Mei 1991, mwaka mmoja na siku tatu baada ya teke, Yugoslavia iliichapa Faroe 7-0 mjini Belgrade, na mmoja wa wafungaji alikuwa Boban huyo huyo. Ilikuwa wiki mbili baada ya Borovo Selo, na siku tatu kabla ya Wakroatia kupiga kura ya maoni juu ya uhuru wao. Mtu anayesemwa kuwa aliiua Yugoslavia alikuwa ndani ya jezi yake, akiifungia bao katika mji mkuu wake.

Wapo watakaoliita hilo unafiki. Siwaelewi. Wenzake wawili walioandikwa naye katika orodha ya wafungaji siku ile, Robert Prosinečki na Davor Šuker, alikuwa nao Chile mwaka 1987 walipotwaa ubingwa wa dunia wa vijana. Kwenye fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi, Boban alifunga dakika ya 85, Wajerumani wakasawazisha, na penalti ya ushindi akaipiga yeye. Timu haifi moyoni kwa sababu bendera imeanza kuchanika.

Miaka yake ya AC Milan naipita mbio, mashabiki wa klabu hiyo wanisamehe: mataji manne ya ligi, na Barcelona kunyukwa 4-0 Athens mwaka 1994. Mwaka 1998 aliiongoza Kroatia kushika nafasi ya tatu duniani. Katika nusu fainali pale Saint-Denis, Šuker alikuwa ndiyo kwanza amefunga. Boban akakawia na mpira karibu na boksi lake mwenyewe, Lilian Thuram akampokonya, akapasiana na mwenzake, akasawazisha. Thuram aliichezea Ufaransa mechi 142 na kuifungia mabao mawili tu, yote usiku ule. Mguu wa Boban ukitafutiwa kesi, ningeanzia hapo.

Alitundika daluga mwaka 2001, kisha akahitimu shahada ya historia Chuo Kikuu cha Zagreb. Tasnifu yake ilihusu Ukristo katika Dola ya Kirumi.