Mafungo ya kutafakari India: kutoka kwa watawa hadi gerezani

Watu kukaa pamoja kimya, macho wamefumba, wakifuatilia pumzi zao: nchini India ni jambo la kale. Watawa wa Kibuddha walizoea kutembea kijiji hadi kijiji, lakini msimu wa mvua walitulia mahali pamoja kwa takriban miezi 3, wasikanyage mimea michanga na wadudu. Wanakijiji waliwapa chakula.

Mafungo ya siku 10 kwa watu wa kawaida yalishika kasi baada ya mwaka 1969. S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Burma mwaka 1924, alifundishwa huko na U Ba Khin, ofisa wa serikali. Alipofika India aliendesha mafunzo Mumbai, wazazi wake wakiwemo. Mwaka 1976 kituo cha Igatpuri, jimbo la Maharashtra, kikafunguliwa.

Utaratibu wake ni mkali: kuamka saa 10 alfajiri, kutozungumza karibu siku zote, kukabidhi simu. Ada hakuna, aliyemaliza huchangia apendavyo ili mwingine naye apate nafasi.

Aprili 1994, zaidi ya wafungwa 1,000 walifanya mafungo hayo katika gereza la Tihar, Delhi, Kiran Bedi akiwa msimamizi wa magereza ya mji huo.

Tuwaambie wazi, wasikilizaji wetu: kutafakari hakuchukui nafasi ya dawa. Mwenye ugonjwa wa akili amwone kwanza mhudumu wa afya, kwani ukimya wa siku nyingi unaweza kumzidishia.