Nasaba ya Surua

Mwaka 1846, surua ilipoingia katika visiwa vya Faroe baada ya kutoonekana huko kwa miaka 65, ikawalaza watu wapatao 6,000 katika wakazi wasiotimia 8,000, serikali ya Denmark ilimtuma tabibu kijana, Peter Panum, naye akazunguka kijiji hata kijiji, akiuliza katika kila nyumba ni mgeni gani aliyeingia na siku gani, mpaka ikamdhihirikia kwamba tangu mtu kuambukizwa hadi kutokwa na vipele hupita siku 13 au 14, na kwamba katika wazee waliougua mwaka 1781 hakuna hata mmoja aliyeugua tena.

Swali lile la mgeni aliyeingia, siku hizi huulizwa kirusi chenyewe. Kwa utaratibu uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1998, wataalamu husoma herufi 450 za jeni moja ya kirusi hicho, na kwa tofauti zake wametambua koo 24, hata mtoto akiugua huweza kujulikana kama maradhi yake yamekuja na abiria kutoka bara jingine.

Ila habari iliyo ajabu kuliko zote ilitoka Berlin, ambako mapafu ya mtoto wa kike wa miaka miwili, aliyefariki kwa surua mwaka 1912, yalikuwa yamehifadhiwa katika formalini zaidi ya miaka mia. Wataalamu wakakata kipande, wakakipasha moto ili kulegeza vifungo vya dawa ile, wakaisoma nasaba ya kirusi, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba huenda surua ilitengana na sotoka, maradhi ya ng'ombe, tangu karne ya 6 kabla ya Kristo, zama ambazo miji ilianza kuwa na watu wa kutosha kuyalisha maradhi yasiyomrudia mtu mara mbili. Sotoka hiyo ndiyo iliyoteketeza mifugo ya Wamasai katika miaka ya 1890, na chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ilisaidia kuifuta duniani, ikatangazwa kutoweka mwaka 2011. Kwamba tumewaokoa ng'ombe, na watoto bado, ni jambo ambalo siwezi kulitaja bila huzuni, maadamu chanjo ya surua ipo tangu mwaka 1963 na hukinga dhidi ya koo zake zote.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia 2019 hadi mwanzo wa 2020, macho ya walimwengu yalipokuwa yameelekea Ebola, surua iliua watu zaidi ya 6,000, aghalabu watoto wasiotimia miaka mitano, nao ni zaidi ya maradufu ya waliouawa na Ebola katika mlipuko ule. Chanjo huharibika kwa joto, na kuifikisha vijijini kwataka barafu, barabara na amani.

Leo, katika koo zile 24, zinazoonekana ni mbili tu, B3 na D8. Nazo zimerejea hata katika kanda ya Amerika, iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa imeepukana na surua, zikipenya kila mahali ambapo watoto waliochanjwa mara mbili wamepungua chini ya 95 katika kila 100.