"According to Historians": Dani Aliniuliza Ni Akina Nani, Nikakosa Jibu

Wasee, hii posti nimeikwepa wiki tatu nzima kwa sababu kosa ni langu mwenyewe.

Mnakumbuka video yangu ya Simbi Nyaima? Nilipanda boda kutoka Kendu Bay mjini, nikasimama ukingoni mwa lile ziwa, upepo unapiga maiki, nikaanza na Kizungu changu cha kujikaza: "According to historians, a whole village once stood here." Halafu nikarudi kwa Kiswahili. Kikongwe alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akamkaribisha, akaambiwa atoke upesi na watu wake. Mvua ikashuka, kijiji kikazama. Video ikatembea vizuri, komenti zikajaa moto na vilio.

Jioni moja binamu yangu akamwonyesha dani, nyanya yetu mzaa baba. Akatazama mpaka mwisho bila kusema kitu. Kisha akaniuliza kwa Kiluo, tena kwa upole tu: hao wanahistoria uliowataja ni akina nani?

Manze, nilikosa jibu. Mwanahistoria alikuwa yeye. Hiyo hadithi alinipa nikiwa darasa la tatu, tumekaa nje tukichambua omena. Na yeye alipewa na mama mkwe wake, ambaye watu wote walimwita nyar Kanyaluo, binti wa Kanyaluo. Mimi nimewafuta wote wawili, nikaweka mahali pao kikundi cha wasomi ambao sijawahi kuwasoma.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya hivyo. Shuleni tulifundishwa "according to" kama pambo la insha. Ukiiweka aya ya pili, mwalimu anaona umekomaa. Hatukuulizwa sana ni nani anakuja baada ya hiyo "to". Ndiyo maana tukifika mtandaoni tunamwaga tu: "research shows", "sources say", "experts believe". Na msijidanganye kwamba Kiswahili kiko safi. "Inasemekana" na "yadaiwa" hufanya kazi ileile ya kuficha mdomo uliosema. Tofauti ni kwamba Kizungu kinakuja kimevaa suti, kwa hivyo hakuna anayekisimamisha pale mlangoni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Kendu Bay, na Kendu Bay watu wanataja vyanzo tangu zamani. Waislamu wako hapa miaka mingi, na mtoto wa madrasa anajua hadithi ya Mtume haiji peke yake. Inakuja na mnyororo: fulani amepokea kutoka kwa fulani, aliyemsikia fulani. Mnyororo ukiwa na pete mbovu, hadithi inaitwa dhaifu hata kama maneno yake ni matamu. Upande wa Gendia, ambapo Arthur Carscallen na Peter Nyambo walianzisha misheni ya Waadventista mwaka 1906, huwezi kusimama mbele ya kanisa useme "Biblia inasema" ukaishia hapo. Watu wanasubiri kitabu, sura na mstari, kalamu mkononi. Na sisi Waluo, mama akiolewa anabeba jina la kwao maisha yote. Nyar Kanyaluo. Hilo jina peke yake linakuambia maneno yake yametoka wapi.

Kuna mtu atasema neno la dani si chanzo, ni hadithi za jikoni. Sawa, mwambie Bethwell Ogot. Huyu profesa wetu alipoanza utafiti wake, wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba Mwafrika asiye na maandishi hana historia. Yeye akaenda kwa wazee, akasikiliza masimulizi ya koo, akayalinganisha, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake kuhusu historia ya Waluo wa kusini. Hapa hapa Karachuonyo, chifu Paul Mboya alikuwa ameandika kuhusu desturi za Waluo, kwa Kiluo, tangu 1938. Leo msomi popote duniani anaandika tu "Mboya 1938" na watu wanaheshimu. Neno la mzee linaweza kuwa chanzo, bora aliyelibeba aseme amelitoa kwa nani.

Sasa angalieni kinachotokea jina likianguka njiani. Mfano wetu mkubwa ni Hussein Onyango Obama, babu ya Barack. Nyumbani kwao ni Kanyadhiang', si mbali na hapa, kabla hajahamia Alego. Mtandaoni utasoma, bila "kwa mujibu wa" yoyote, kwamba Waingereza walimfunga na kumtesa kwa sababu ya Mau Mau. Nimeiona mara nyingi mpaka nilikuwa naiamini kama tarehe ya uhuru.

Fuata mnyororo. Katika kitabu cha Barack cha 1995, anayesimulia ni Mama Sarah, mke wa Onyango. Anasimulia kwa Kiluo huko Kogelo, Auma anatafsiri, mjukuu anasikiliza na baadaye anaandika. Hapo tayari ni midomo miwili na kalamu moja. Anasema mumewe alizuiliwa zaidi ya miezi 6 kisha akaonekana hana hatia. Mwaka 2008, Barack akiwa ameshinda uchaguzi, gazeti la London likachapisha maelezo ya Mama Sarah kwamba mzee aliteswa, na mwaka unaotajwa ni 1949. Mwaka 2012 mwandishi David Maraniss akatoa kitabu chake, na ndani yake watu waliomjua Onyango wanatilia shaka kisa chenyewe. Na hali ya hatari dhidi ya Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Simaanishi Mama Sarah alidanganya. Alifariki mwaka 2021, na sina haki ya kumwita mwongo kutoka kwa simu yangu. Nasema hivi: ukiandika "Mama Sarah alimsimulia mjukuu wake kwamba", umemheshimu yeye na umemheshimu msomaji. Ukiandika "Onyango aliteswa na Waingereza kwa sababu ya Mau Mau", umempokonya mama maneno yake na umeongeza mengine ambayo hayamo kitabuni. Halafu kesho mtu akionyesha kasoro, anayeitwa mwongo ni mama wa watu, na wewe uliyeongeza chumvi hauonekani popote.

Na hapa si mchezo, kwa sababu mateso ya wakoloni yalikuwepo kweli, na yalikuja kutambuliwa kwa sababu watu walisema wakiwa na majina yao. Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi na Jane Muthoni Mara walipeleka kesi mahakamani London wakieleza walichofanyiwa wao wenyewe. Mafaili yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park yakajitokeza mwaka 2011. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba Wakenya waliteswa, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa malalamiko ya watu 5,228. Sasa jaribu kuingia kwa hakimu na "inasemekana tuliteswa".

Basi video ya Simbi nimeitoa nikaipiga upya. Sentensi ya kwanza sasa ni: "Dani wangu alinisimulia, naye alisimuliwa na mama mkwe wake, nyar Kanyaluo." Halafu nikasema wanajiolojia wanalielezaje: ni shimo la volkano lililojaa maji. Sikuwagombanisha. Kila mmoja nimemwacha aongee kwa jina lake. Ukitaka kusema kwa Kizungu, "my grandmother told me" ni sentensi kamili, haihitaji msaada wa historians.

Video mpya haijafika hata nusu ya ile ya kwanza, na ninakubali inaniuma kidogo. Lakini nilimpelekea dani simu nikiwa mwenyewe safari hii. Aliposikia jina la mama mkwe wake, akaniambia niirudishe nyuma. Akasikiliza tena. Kisha akasema kuna kitu nimekiacha: nyar Kanyaluo alikuwa akisema yule mwanamke aliyeokoka alitoka na mtoto mgongoni, na huyo mtoto hakulia njia nzima.

Hicho kipande sikuwahi kukisikia. Nilifungua kurekodi.