Matairi makubwa kwa pikapu iliyoinuliwa: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

MWENYE pikapu ya kuendeshwa na magurudumu manne akishaiinua kwa springi ndefu, hatua inayofuata aghalabu huwa ni kutafuta matairi makubwa. Huenda ni mfanyabiashara anayepeleka bidhaa vijiji vya Marsabit, mkandarasi anayechimba visima Turkana, au mkulima wa Kajiado ambaye njia ya shambani kwake hugeuka tope kila masika. Wote hao hujiuliza swali moja: tairi liwe kubwa kiasi gani?

Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba tairi likizidi kuwa kubwa ndivyo linavyozidi kufaa. Ukweli ni kinyume. Tairi linalofaa ni lile dogo kabisa litakaloiwezesha gari kupita pale linapohitajika kupita. Kila inchi inayoongezwa zaidi ya hapo hulipiwa kwa nguvu za injini, kwa mafuta na kwa umbali wa kusimama. Siku mbaya ikifika, hulipiwa kwa maisha ya walio ndani.

Springi pekee hazitoshi

Kuna sababu nzuri ya kutaka tairi kubwa. Springi ndefu huinua bodi na chesi, lakini haziinui ekseli ya nyuma. Kile kibonge cha chuma katikati ya ekseli, ambacho mafundi hukiita difu, hubaki palepale kilipokuwa, nacho ndicho hugonga jiwe kwanza au kuburura tope katikati ya njia iliyochimbwa na malori. Kitu pekee kinachoweza kukiinua ni tairi lenye kimo kikubwa zaidi.

Hata hivyo, faida hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kuwa ekseli hupita katikati ya gurudumu, difu huinuka kwa nusu tu ya kimo kilichoongezwa. Tairi likizidi la awali kwa milimita 60, difu hupanda milimita 30.

Jinsi ya kusoma vipimo

Nambari zilizo ubavuni mwa tairi hueleza kila kitu. Tuchukue 265/70R16, saizi inayopatikana katika pikapu nyingi. 265 ni upana kwa milimita. 70 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana, yaani milimita 185.5. R huonyesha muundo wa nyuzi za ndani, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, ambacho ni sawa na milimita 406.4. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, utapata kimo cha takriban milimita 777.

Tairi la 265/75R16 lina kimo cha milimita 804, nalo la 285/75R16 lina milimita 834. Kwa hivyo la kwanza huinua difu kwa milimita 13, na la pili kwa milimita 28. Baadhi ya matairi huandikwa kwa inchi, mfano 33x12.50R15: kimo ni inchi 33, upana inchi 12.5 na rimu inchi 15. Vipimo halisi hutofautiana kidogo kati ya kampuni moja na nyingine, kwa hivyo ni vyema kupima tairi lenyewe kabla ya kulipa.

Kwa pikapu iliyoinuliwa kwa inchi mbili, 265/75R16 kwa kawaida ni hatua ya busara. 285/75R16 ni hatua kubwa zaidi, na huhitaji rimu yenye upana wa inchi 7.5 hadi 9. Tairi pana likivishwa rimu nyembamba, mbavu huvimba, uso wake hulika katikati na gari huyumba kwenye kona.

Je, ardhi unayopitia ni ya aina gani?

Upana hauna jibu moja. Kwenye mchanga wa malaga ya Turkana au jangwa la Chalbi, gari huhitaji kuelea juu badala ya kuzama, na hapo tairi lenye alama ndefu ardhini husaidia. Alama hiyo, lakini, hurefushwa zaidi kwa kupunguza upepo kuliko kwa kununua tairi pana. Tairi la pikapu lililo na psi 35 likipunguzwa hadi karibu psi 18 mchangani, hulala na kushika ardhi kwa urefu mkubwa zaidi. Dereva mwenye kipima upepo na pampu ndogo huenda akagundua kwamba matairi aliyo nayo yanamtosha. Ni sharti aende polepole wakati huo, asikate kona kwa ghafla, na ayajaze tena kabla ya kurejea lami, kwani tairi lisilo na upepo wa kutosha hupata joto likapasuka.

Udongo mweusi unaonata wa nyanda za Athi na Kajiado una tabia nyingine. Huo hujaza mianya ya tairi mpaka likawa kama mpira laini. Penye ardhi ngumu chini ya tope jepesi, tairi jembamba hukata tope na kuifikia. Penye tope lisilo na sakafu, tairi pana lenye mianya mikubwa ndilo hupata nafuu. Tairi la 235/85R16 lina kimo cha milimita 806, karibu sawa na 265/75R16, ilhali ni jembamba kwa milimita 30. Matairi marefu na membamba ya aina hiyo, pamoja na 7.50R16, yamezihudumia Land Cruiser za kazi kwa miaka mingi.

Kwenye mawe ya volkano ya upande wa Loiyangalani, adui ni mkato wa ubavuni. Huko, uimara wa mbavu ni muhimu kuliko ukubwa. Tafuta tairi lenye herufi LT na kiwango cha nguvu kama 10PR. Nambari hiyo haimaanishi lazima tabaka 10 za nyuzi. Ni kipimo cha nguvu tu.

Kuhusu uso wa tairi, herufi M/T ni za matope na A/T ni za ardhi mchanganyiko. M/T hujisafisha vyema topeni, lakini huvuma sana, hulika upesi barabarani na kuhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kwenye lami iliyolowa. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale, ambayo zamani ilikuwa ya changarawe na mawe, sasa ni ya lami. Msafiri anayetumia siku nzima kwenye lami ili afike kwenye saa moja ya tope, A/T humfaa zaidi.

Nafasi ndani ya madigadi

Wengi hudhani kwamba gari likishainuliwa, tairi lolote litaenea. Si kweli. Springi ikikandamizwa kabisa shimoni, gurudumu hupanda hadi kwenye mpira wa kizuizi, mahali palepale lilipofika kabla gari halijainuliwa. Tairi lililoonekana kuwa na nafasi tele gereji laweza kusaga madigadi na kukata bomba la breki siku gari limebeba mzigo.

Njia ya kuhakikisha ni kuvisha tairi moja kwanza, kupandisha gurudumu hilo juu ya kipande cha gogo au mwinuko mpaka springi ikandamizike, kisha kuzungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili. Tazama madigadi, chesi, mabomba ya breki na mikono ya springi. Fanya hivyo mbele na nyuma.

Pikapu ambazo magurudumu ya mbele yana springi huru kila upande zina mpaka wake. Zikiinuliwa kupita kiasi, shafti za mbele hukaa kwa pembe kali na viungo vyake huisha mapema. Tairi kubwa na zito likiongezwa juu ya hayo, viungo hivyo huvunjika kwa urahisi gari linapong'ang'ana kutoka shimoni.

Gharama zisizoonekana dukani

Tairi kubwa hufanya kazi kama gia ndefu. Ukitoka 777 hadi 834, kimo huongezeka kwa asilimia 7.3. Gari lenye uwiano wa difu wa 4.1 hujiendesha kana kwamba lina 3.8. Kupanda mlima na mzigo huwa taabu, gia ya tano hukosa kazi, na klachi huumia kila gari linapoondoka. Ili kurejesha nguvu za awali, uwiano ungefaa kuwa karibu 4.4, kazi ambayo huenda ikagharimu zaidi ya matairi yenyewe.

Kipima mwendo nacho hudanganya. Kama awali kilikuwa sahihi, kitakapoonyesha kilomita 80 kwa saa gari litakuwa likienda karibu 86, na mjini penye kikomo cha 50 litakuwa limekivuka. Kilomita zinazohesabiwa hupungua pia: zikiandikwa 10,000, gari limekwenda takriban 10,700. Kumbuka hilo unapopanga kubadilisha oili.

Jambo zito zaidi ni breki na mizani. Gurudumu zito lenye kimo kikubwa ni gumu kusimamisha, ilhali diski na pedi ni zilezile. Aidha, springi za inchi mbili na tairi la 834 kwa pamoja huinua bodi na mzigo kwa karibu milimita 80. Pikapu iliyokuwa imara ikibeba watu nyuma na magunia juu ya fremu sasa hupinduka kwa kona ambayo zamani iliikata bila wasiwasi. Dereva asiyebadilisha mwendo wake baada ya kubadilisha matairi amelifanya gari kuwa hatari.

Ndiyo maana si busara kuiga magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989. Mengi ya magari hayo hujengwa upya kwa ajili ya kazi hiyo tu. Halipeleki watoto shuleni Jumatatu.

Mzigo, kasi na umri wa tairi

Baada ya saizi, ubavuni kuna nambari na herufi kama 112S. 112 humaanisha kwamba tairi moja hustahimili kilo 1,120, na S kwamba limeundwa kwa kasi isiyozidi kilomita 180 kwa saa. Nambari 104 ni kilo 900 pekee. Usikubali tairi lenye uwezo wa chini kuliko lile lililotoka na gari, hata likiwa kubwa na la kuvutia kiasi gani.

Tazama pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani. Tairi linalong'aa dukani laweza kuwa limekaa miaka mingi.

Tairi la akiba

Hesabu matairi matano, wala si manne. Gari likitiwa gia ya magurudumu manne huku moja likiwa na kimo tofauti, vyuma vya difu na giaboksi huvutana hadi vikavunjika. Pancha ikitokea kilomita 100 kutoka mji ulio karibu, tairi la akiba la saizi ya zamani halitakusaidia topeni. Hakikisha vilevile kwamba jipya linaenea chini ya kitanda cha pikapu, na kwamba jeki yako inaweza kuliinua gari katika kimo chake kipya.

Sheria na bima

Kabla ya kubadilisha chochote, uliza kwenye kituo cha ukaguzi cha NTSA, mamlaka iliyobuniwa 2012, iwapo mabadiliko hayo yanakubalika kwa aina ya gari lako. Iarifu pia kampuni yako ya bima kwa maandishi. Bima hujengwa juu ya ukweli, na mwenye gari aliyeficha mabadiliko makubwa huenda akakataliwa fidia siku anapoihitaji.

Baada ya matairi kufungwa, rekebisha mwelekeo wa magurudumu na mwanga wa taa za mbele, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kisha jaribu breki mahali wazi, kwanza gari likiwa tupu, halafu likiwa na mzigo.

Kwa hivyo anza na ardhi unayopitia, kisha uzito wa mzigo, kisha nafasi iliyopo, na saizi iwe ya mwisho. Ukifuata utaratibu huo, mara nyingi utajikuta umechagua tairi dogo kuliko lile ulilolitamani, na pesa zilizosalia zitatosha kununua pampu, kipima upepo na tairi la tano.